Nyaraka za Taifa si Makaratasi ya Kufungia Karanga

Darajani hakuna daraja. Mgeni anayepita mbele ya jengo la Soko Kuu mjini Unguja, lililojengwa mwaka 1904, aweza kuzunguka kutwa nzima bila kuona hata kipande cha daraja. Mkono wa bahari uliokuwa ukitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20. Maji yakaondoka, daraja likatoweka, pakabaki barabara na jina. Mtoto wa shule akimwuliza mwalimu wake kwa nini mahali pakavu paitwe Darajani, mwalimu hana la kumwonyesha isipokuwa ramani, picha na barua za serikali za zamani. Karatasi hizo zikipotea, Darajani litakuwa neno tupu lisilo na ushahidi.

Mfano huo ni mdogo, lakini jambo lenyewe ni kubwa. Kilimani, si mbali na Darajani, ndiko zinakotunzwa Nyaraka za Taifa za Zanzibar, kazi iliyoanza mwaka 1956 wakati wa ukoloni na ambayo tangu mwaka 2008 ina sheria yake, Sheria Na. 3 ya mwaka huo. Humo mna barua za mabalozi wa nchi za nje, hati za serikali ya Sultani zilizoandikwa kwa Kiarabu, na majalada ya utawala wa Kiingereza. Hata hivyo, wananchi wengi wanaofika Darajani kila siku hawajapata kuupita mlango wa hifadhi hiyo. Kwao nyaraka ni makaratasi ya zamani, na makaratasi ya zamani katika masoko ya Afrika Mashariki yana kazi inayojulikana: hukunjwa mfano wa pembe, yakafungiwa karanga.

Dharau hiyo haiko sokoni tu. Imo pia maofisini. Mtumishi anayehamishiwa masjala mara nyingi hujiona ameadhibiwa, na wenzake humtazama hivyo hivyo. Kazi ya kutunza majalada hudhaniwa kuwa ni ya watu wapole waliokwisha kuchoka na mambo ya dunia, wasiopenda siasa wala mabishano. Ili kuipima dhana hiyo, inafaa kuitazama safari ya kazi ya msomi mmoja wa nchi jirani ya Kenya, Dkt. Maina Kagombe, ambaye alikuwa mtaalamu wa elimu ya siasa kabla ya kuwa Mhifadhi Mkuu wa Nyaraka za Taifa la Kenya.

Kutoka msituni hadi masjala

Mwaka 1972 kilichapishwa huko Marekani kitabu cha wataalamu mbalimbali juu ya hali ya kusini mwa Afrika. Kagombe alikuwa na sura yake katika kitabu hicho, na mada yake ilikuwa uzalendo wa Mwafrika na vita vya msituni nchini Angola na Msumbiji. Wakati huo Mreno alikuwa bado anatawala nchi zote mbili. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, ilikuwa vitani tangu Septemba 1964. Kiongozi wake wa kwanza, Dkt. Eduardo Mondlane, alikuwa ameuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa kitabu kilichotegwa bomu. Kwa hiyo mtaalamu huyo wa siasa alikuwa akiandika juu ya watu waliokuwa wanakufa siku hizo hizo kwa ajili ya uhuru, na hakuwa akisimulia mambo yaliyopita.

Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1970, Kagombe alikuwa mkuu wa nyaraka za taifa mjini Nairobi. Kwa mtu wa juu juu, hilo lingeonekana kuwa ni kushuka: kutoka kwenye bunduki na ukombozi hadi kwenye rafu, vumbi na mchwa. Lakini aliyeelewa siasa aliona kinyume chake. Swali kuu la elimu ya siasa ni nani anatawala, na kwa njia gani. Mkoloni hakutawala kwa bunduki peke yake. Bunduki zilikuwa chache. Alitawala kwa daftari la kodi, kwa kipande alichovishwa Mwafrika shingoni nchini Kenya, kwa taarifa ya kila mwaka ya bwana shauri, kwa orodha ya watu wa kufungwa na orodha ya watoa habari. Jalada lilikuwa ndiyo macho na masikio ya serikali. Basi aliyetaka kuelewa jinsi watu wachache walivyowatawala wengi hakuwa na mahali bora pa kwenda kuliko masjala.

Kwa maana hiyo Kagombe hakuiacha siasa. Aliingia mahali ambapo siasa huhifadhiwa.

Benki ya karatasi

Kenya ilipata uhuru wake Desemba 1963. Miaka miwili baadaye, mwaka 1965, Bunge lake lilipitisha sheria ya nyaraka za umma, na hifadhi ya taifa ikaanza kazi katika sehemu ya chini ya jengo la serikali liitwalo Jogoo House. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, hifadhi hiyo ilipewa jengo lililokuwa la benki katikati ya jiji, na hapo ndipo ilipo hadi leo. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi. Mahali palipotunzwa fedha za walowezi na wafanyabiashara pakawa mahali pa kutunzia kumbukumbu za wananchi.

Kazi hiyo ilisaidiwa na watu waliojua thamani ya karatasi. Mmoja wao alikuwa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, ambaye alikusanya maelfu ya vitabu na hati juu ya Afrika na baadaye mkusanyo huo ukawa mali ya taifa. Murumbi alikuwa mwanasiasa aliyekuwa mkusanyaji, na Kagombe alikuwa msomi wa siasa aliyekuwa mhifadhi. Wote wawili walifika kwenye nyaraka kwa njia ya siasa.

Hata hivyo rafu za Nairobi zilikuwa na mapengo mawili. La kwanza lilitokana na wasomi wa nje. Katika miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Syracuse nchini Marekani kilipiga maikrofilamu sehemu kubwa ya nyaraka za Kenya, hasa taarifa za wilaya na mikoa. Chuo hicho ndicho alichofundisha Mondlane kabla ya kuja Dar es Salaam kuongoza FRELIMO. Nakala hizo ziliwafaa wasomi wengi, wala hakuna sababu ya kuwalaumu waliozisoma. Lakini lilipatikana jambo la ajabu: mwanafunzi wa Marekani aliweza kusoma habari za Nyeri na Kisumu bila kutoka kwao, na mwalimu wa shule ya msingi wa Nyeri asiweze.

Pengo la pili lilikuwa baya zaidi, maana halikuwa la nakala. Lilikuwa la majalada yenyewe.

Amri ya kuchoma

Leo habari za majalada hayo zinajulikana. Mwezi Mei 1961, Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alitoa maagizo juu ya karatasi zipi zisiachiwe serikali mpya za Kiafrika. Zisiachiwe zile ambazo zingeiaibisha serikali ya Uingereza, wala zile ambazo zingewaaibisha polisi, wanajeshi, watumishi na watoa habari wake, wala zile ambazo mawaziri wa serikali mpya wangeweza kuzitumia vibaya kwa macho ya Mwingereza.

Utekelezaji wake ulifanywa kwa utaratibu wa kiofisi kabisa. Majalada yaligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa la kurithishwa serikali ya uhuru. La pili lilipigwa muhuri wa herufi W, na nchini Kenya lilishikwa na maofisa Waingereza wenye asili ya Ulaya peke yao. Mwafrika, hata awe karani mwaminifu wa miaka 20, hakuruhusiwa kuligusa. Karatasi za fungu hilo ama zilichomwa moto, ama zilisafirishwa Uingereza. Maagizo yalifika hadi kueleza kwamba majivu yapondwepondwe yasibaki na maandishi yanayosomeka, na kwamba zile zisizochomwa zaweza kutiwa katika makasha mazito na kuzamishwa kwenye kina kirefu, mbali na pwani, mahali pasipo na mkondo.

Msomaji aliyezoea kazi za ofisi ataona kilichomo humo. Serikali inayoamini kwamba imetawala kwa haki haihitaji kuponda majivu.

Madai

Kenya iliidai Uingereza majalada hayo mara ya kwanza mwaka 1967. Ikakataliwa. Ikadai tena mwaka 1974. Ikakataliwa. Wakati wa Kagombe madai hayo yalipewa nguvu mpya, na Kenya ikatumia njia mbili kwa pamoja. Njia ya kwanza ilikuwa kuendelea kudai kilicho chake. Njia ya pili ilikuwa kupeleka watu na fedha Uingereza ili kutafuta hati zinazohusu Kenya katika Ofisi ya Kumbukumbu za Umma na katika maktaba nyingine, kuziorodhesha na kuzipiga maikrofilamu ili nakala zipelekwe Nairobi. Mmoja wa walioshiriki katika kazi hiyo, Musila Musembi, baadaye aliishika hifadhi hiyo ya taifa na mwaka 1985 akatoa kitabu juu ya uzoefu wa Kenya katika kutunza nyaraka.

Hoja ya Uingereza ilikuwa kwamba majalada hayo yaliandikwa na maofisa wake kwa kazi za serikali yake, hivyo ni mali yake. Hoja hiyo inaonekana nzuri mpaka mtu aulize swali moja: nani aliyelipia wino? Mishahara ya makarani, karatasi, kabati na hata taa ya mafuta iliyowashwa ofisini kwa bwana shauri vilitokana kwa sehemu kubwa na kodi aliyotozwa Mwafrika kwa nyumba yake ya udongo na kwa kichwa chake. Mwafrika alilipa ili apelelezwe. Alilipa ili aandikwe katika orodha ya kufungwa. Kisha, alipopata uhuru, akaambiwa kwamba maandishi hayo si yake.

Mataifa machanga hayakunyamaza. Mwaka 1983, mjini Vienna, ulipitishwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya urithi wa mali, nyaraka na madeni pale nchi moja inapochukua nafasi ya nyingine. Mkataba huo ulitambua haki ya nchi iliyopata uhuru kupata nyaraka zinazohusu ardhi yake. Nchi kubwa hazikuupenda, na hadi leo haujapata idadi ya nchi za kutosha ili uanze kufanya kazi.

Kenya nayo iliomba tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa mara nyingine ikarudi mikono mitupu. Watu wa Kenya walipokuwa wakipekua orodha za London, makasha waliyokuwa wakiyatafuta hayakuwa katika orodha hizo. Yalikuwa yamefungiwa ghalani huko Hayes, na baadaye yakahamishiwa Hanslope Park, mahali penye ulinzi mkali.

Kwa hiyo wapo wanaoweza kusema kwamba Kagombe alishindwa. Alifanya kazi, akaondoka, na majalada hayakurudi. Kauli hiyo inahitaji kujibiwa kwa mambo yaliyotokea baadaye.

Ushahidi wafufuka

Mwaka 2009, wazee watano wa Kenya waliowekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari iliyoanza mwaka 1952 walifungua kesi katika Mahakama Kuu mjini London wakilalamikia mateso waliyoyapata. Serikali ya Uingereza ilidaiwa kutoa nyaraka zinazohusika. Ni katika kesi hiyo, mwaka 2011, serikali hiyo ilipokiri kwamba ilikuwa na majalada kiasi cha 8,800 kutoka makoloni yake 37 ya zamani. Karibu 1,500 yalikuwa ya Kenya. Wanahistoria, akiwamo Profesa David Anderson, walikuwa wamefuata nyayo za majalada hayo. Na nyayo zenyewe zilikuwa ni zipi? Zilikuwa ni pamoja na barua zile zile za madai zilizoandikwa na Kenya na majibu ya kukataa yaliyotolewa na Uingereza.

Hapo ndipo ilipo thamani ya kazi ya mtunza nyaraka. Anayedai kwa maandishi, hata akinyimwa, huacha ushahidi kwamba alidai na kwamba alinyimwa. Anayedai kwa mdomo huacha upepo.

Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alisimama Bungeni akaeleza masikitiko ya serikali yake na kutangaza malipo ya paundi milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Fedha hizo ni kidogo zikilinganishwa na mateso. Lakini kwa mara ya kwanza kauli za wazee wa vijijini, zilizokuwa zikiitwa uzushi kwa miaka 50, ziliungwa mkono na maandishi ya watesi wao wenyewe. Makovu yalikuwapo siku zote. Kilichokosekana kilikuwa ni jalada.

Kati ya Aprili 2012 na Novemba 2013 majalada hayo ya makoloni yalifunguliwa hatua kwa hatua kwa wasomaji huko Kew, London. Yamo pia ya Tanganyika na ya Zanzibar. Kwa maneno mengine, mwalimu wa Unguja anayetaka kusoma baadhi ya yaliyoandikwa juu ya visiwa vyake kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964 analazimika kukata tiketi ya ndege. Jambo hili si la Kenya peke yake, wala halijakwisha.

Nyumbani

Baada ya kusema hayo juu ya mkoloni, ni wajibu kutazama nyumbani, kwa ule moyo wa kukosoa na kujikosoa. Madai kwa London yatakuwa na uzito gani ikiwa karatasi zilizoko hapa zinaliwa na mchwa? Mkoloni alichoma kwa makusudi. Mtumishi wa leo anayerundika majalada chini ya ngazi penye mvuja, au anayeyatoa ofisini kama takataka wakati wa kuhamia jengo jipya, hana nia mbaya kama ya mkoloni. Lakini mwananchi atakayekuja kuyatafuta hataona tofauti. Kwake, jivu na uozo ni kitu kimoja.

Sheria hazikukosekana. Waraka wa Rais Na. 7 wa mwaka 1963 uliweka msingi wa nyaraka za taifa Tanzania Bara na kuwakataza watumishi kuharibu kumbukumbu za serikali ovyo. Sheria ya mwaka 1965 ikafuata, na baadaye Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, ambayo inaziweka pamoja kumbukumbu zinazotumika sasa na nyaraka za kuhifadhiwa. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008. Tatizo haliko kwenye karatasi ya sheria. Liko kwenye mkono unaoshika karatasi nyingine zote.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watumishi na walimu wanalijua hilo kuliko watu wote. Mwalimu aliyefundisha miaka 35 hustaafu akiwa na imani kwamba serikali inakumbuka siku aliyoajiriwa. Serikali haina kumbukumbu nyingine isipokuwa jalada lake. Ukurasa mmoja ukikosekana, barua ya kuthibitishwa kazini au ya kupandishwa cheo, mzee huyo huanza safari za kwenda na kurudi, na nauli inatoka kwenye mfuko ambao haujapata kiinua mgongo. Hali ni hiyo hiyo kwa mkulima wa Unguja ambaye baba yake alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi. Mapinduzi yalimpa ardhi. Lakini mjukuu akishtakiwa mahakamani, kinachomlinda ni hati. Pasipo na hati iliyotunzwa, mwenye nguvu na fedha anaweza kulipindua Pinduzi lenyewe kimya kimya, kiwanja kwa kiwanja.

Chama nacho hakiwezi kujitoa katika hesabu hii. TANU ilizaliwa mwaka 1954, Afro-Shirazi mwaka 1957, na vyama hivyo viwili vikaungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Katika miaka hiyo kila tawi lilikuwa na kitabu cha mihtasari, daftari la wanachama na stakabadhi za ada. Vitabu hivyo ndivyo vinavyoweza kueleza nani aliyetembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, na mama gani alitoa nyumba yake kwa mikutano. Historia ya viongozi wakuu itaandikwa kwa vyovyote. Historia ya wanachama wa kawaida itaandikwa ikiwa tu vitabu vya tawi vimetunzwa. Katibu wa tawi anayeviacha vioze anawafuta wazee wake katika historia ya nchi yao.

Visingizio vitatu

Zipo hoja tatu zinazotolewa kila suala hili linapotajwa. Ya kwanza husema kwamba nchi maskini haina budi kununua dawa na madawati kabla ya kujenga rafu za nyaraka. Hoja hii inasahau kwamba dawa na madawati hupotea njiani mahali pasipo na vitabu vya kupokelea na kutolea mali. Kumbukumbu nzuri huokoa fedha, na wizi wa mali ya umma hupenda ofisi ambayo jalada halionekani.

Ya pili husema kwamba kompyuta zimekwisha kuiondoa karatasi. Kompyuta ni chombo chema, na kuzipiga picha nyaraka za zamani ni kazi inayopaswa kuongezwa kasi. Lakini mashine hailitengenezi jalada lililovurugika. Hulisambaza vurugu hilo kwa haraka zaidi. Barua ya mwaka 1890 iliyoandikwa kwenye karatasi bado yasomeka. Ujumbe wa ofisi ulioandikwa miaka 15 iliyopita katika kompyuta iliyokwisha kuharibika, nani anaweza kuusoma? Kazi ya mtunza nyaraka katika zama hizi imekuwa kubwa zaidi.

Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba nyaraka zina siri, na kuzifungua ni kuamsha yaliyolala. Ni kweli kwamba serikali ina siri zake halali, na ndiyo maana sheria inaweka muda, ambao kwa kawaida ni miaka 30, kabla ya nyaraka kufunguliwa kwa wasomaji. Lakini kuna tofauti kati ya kufunga jalada kwa muda na kuliangamiza. Macleod naye alihofia kuamsha yaliyolala. Taifa huru halipaswi kuchukua somo lake kwa mwalimu huyo.

Kazi iliyo mbele

Mambo ya kufanya si magumu. Wakuu wa idara waipe masjala watu wenye ujuzi, wala wasiifanye kuwa mahali pa kuwatupia waliogombana na wakubwa. Anayeondoka katika cheo akabidhi majalada kwa maandishi, kama anavyokabidhi gari na samani. Asiwepo ofisa wa kuharibu hata karatasi moja bila idhini ya wenye dhamana ya nyaraka za taifa. Walimu wakuu watunze vitabu vya kuandikishia wanafunzi na vitabu vya matukio ya shule, maana humo mna majina ya watoto walioingia darasani mwaka wa Mapinduzi, na mwaka 1977 Bara ilipoanza elimu ya msingi kwa wote. Na walimu wa historia wa Unguja wawapeleke wanafunzi wao Kilimani walau mara moja, ili waone kwa macho yao kwamba historia haikushuka ikiwa tayari imeandikwa katika kitabu cha kiada.

Nchi za Afrika Mashariki nazo zingefanya vyema kuyaunganisha madai yao. Kenya ilidai peke yake ikakataliwa peke yake. Majalada yaliyoko Kew ni ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Yaliondolewa kwa amri moja na yanafaa kudaiwa kwa sauti moja.

Safari ya Dkt. Kagombe inafundisha kwamba mtaalamu wa siasa akiingia masjala hapotei. Alitoka kwenye kuandika juu ya wapiganaji wa msituni akaenda kudai ushahidi wa waliopigana. Hakupata kila alichokidai, lakini madai yaliandikwa, yakatunzwa, na yakawafaa wengine wakati wao ulipofika.

Darajani daraja limekwisha kuondoka, na hakuna anayelilia, kwa kuwa watu wanavuka kwa miguu mikavu. Kinachowezesha kujua kwamba palikuwa na maji, na kwamba mji ulikuwa umegawanyika pande mbili, ni karatasi chache zilizopata mtu wa kuzitunza. Mtumishi anayefungua kabati lake kesho asubuhi amekuta mikononi mwake karatasi za namna hiyo. Uamuzi wa kama zitafika Kilimani au zitafungiwa karanga ni wake.